Satay ya Singapore kwa mtu aliyezoea mishkaki

SWALI: Shikamoo mpishi. Nafanya kazi bandarini Dar, na mwezi ujao naenda Singapore kwa kozi ya wiki mbili. Ni safari yangu ya pili. Ile ya kwanza kila mtu aliniambia nisirudi bila kula satay, basi nikaenda mahali palipojaa watalii, nikala vijiti kumi. Nyama kavu, mchuzi mtamu kama jamu, bei ya kukutoa machozi. Nikajisemea bora mishkaki yetu ya Upanga. Je, nilikosea kibanda, au satay yenyewe ndiyo hiyo? Na mimi Mwislamu nitajuaje iliyo halali? Nina jioni chache tu, na wikiendi moja ya kuvuka kwenda Malaysia.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ulikosea kibanda.

Sitakuuliza ulikula wapi, kwa sababu mimi mwenyewe nilikosea mara tatu kabla sijapatia. Nimepika kwenye meli za mizigo miaka kumi na tisa, na Singapore tulikuwa tukitia nanga mara nne, tano kwa mwaka. Nahodha akishatoa ruhusa ya kushuka, wenzangu wanakimbilia maduka ya simu. Mimi nilikuwa natafuta moshi.

Kwanza lijue hili, maana ndilo lililokuponza: pale Singapore kuna satay mbili, na zinauzwa ubavu kwa ubavu. Moja imetungwa kwa mkono na mwenye kibanda au watu wa nyumbani kwake. Nyingine inaletwa na gari asubuhi ikiwa imeshakatwa, imeshatiwa viungo na kutungwa, na mwenye kibanda kazi yake ni kuitoa kwenye friji na kuichoma. Bei zake hazipishani sana, na bango halitakwambia ipi ni ipi. Picha kwenye bango ni za aina moja, zote zinang'aa. Kwa hiyo usianze na bango. Simama kando ya jiko dakika tano kabla hujatoa hata senti.

Jiko la satay ni refu na jembamba kama hori la kulishia ng'ombe, upana wake kiasi cha shubiri. Limefanywa hivyo makusudi, nyama ikae juu ya moto na vishikio vya vijiti vining'inie nje visiungue. Mchomaji hodari anapanga vijiti thelathini au arobaini vikiwa vimebanana, anavishika kwa viganja viwili kama mtu anayeokota fito, anavigeuza vyote kwa mpigo mmoja. Kipepeo kinafanya kazi, cha ukindu au cha umeme, si hoja. Tazama makaa: yawe yameshashika, mekundu chini na majivu mepesi juu. Ukiona jiko la gesi, endelea na safari yako. Satay ni vipande vidogo, kimoja hakizidi ncha ya kidole gumba, kwa hiyo inataka moto mkali wa muda mfupi. Gesi inaikausha kabla haijaipa rangi. Makaa yanaunguza sukari iliyo kwenye viungo, ncha zinakuwa nyeusi kidogo, na mafuta yanayodondoka yanarudi juu yakiwa moshi. Moshi ule ni kiungo kama viungo vingine.

Halafu kuna brashi. Mchomaji wa zamani hatumii brashi ya dukani. Anachukua shina la mchaichai, analiponda upande mmoja mpaka linachanua kama mswaki wa mti, analichovya kwenye mafuta au tui la nazi, anapaka nyama ikiwa motoni. Nimewahi kumwona mama mmoja wa Kimalay akibadilisha mashina matatu kwa jioni moja, la zamani likishalegea analitupa kwenye makaa, na harufu inatoka pale mpaka watu wa meza za mbali wanageuka. Ukimkuta mtu wa namna hiyo, acha kusoma jibu hili, agiza.

Ishara nyingine iko kwenye nyama mbichi, na hapa macho ya mtu aliyezoea mishkaki yanasaidia. Vijiti vilivyotungwa kwa mkono havilingani. Kimoja kina vipande vitatu, kingine vinne, kipande cha katikati kina mafuta au kingozi cha kuku kilichowekwa ili kiyeyuke na kulainisha jirani zake. Nyama imekatwa kwa kukinga nyuzi, na kama ni kuku, ni paja. Rangi yake ni manjano iliyofifia, na ukisogea utaona chembechembe za mchaichai na giligilani iliyotwangwa nusunusu. Ile ya gari vijiti vyake vimefanana kama njiti za kiberiti, na manjano yake ni moja tu, inang'aa kama ukuta uliopakwa rangi jana. Nyama ya hivyo mara nyingi ni kidari, na kidari kikisimama motoni dakika moja ya ziada kinakuwa kamba. Nadhani hicho ndicho ulichokula.

Vijiti vyenyewe siku hizi ni vya mianzi. Zamani vilikuwa chelewa, hizihizi tunazofungia mafagio, wao wanaziita lidi. Vibanda vinavyotumia chelewa bado vipo vichache, zaidi upande wa Malaysia. Ukikutana nacho ujue mwenyewe ana ukaidi wa mapishi, na ukaidi kwenye satay ni jambo jema.

Jambo la mwisho la kutazama: je, anachoma ukishaagiza, au ana rundo lililoiva nusu pembeni? Kwenye viwanja vya chakula vyenye watu wengi utaona vijiti mia vimebabuliwa tangu saa kumi na moja jioni, mteja akija vinarudishwa motoni. Hiyo ndiyo nyama kavu. Bora usubiri dakika ishirini na mtu mwenye foleni kuliko kuhudumiwa kwa dakika mbili na mtu asiye na wateja. Foleni nayo isome vizuri: wakiwa ni wenyeji waliovaa ndala na kubeba watoto, jipange. Wakiwa wote wameshika simu juu wanapiga picha, sogea mbele.

Sasa imeletwa mezani. Usichovye! Kijiti cha kwanza kula kikavu, bila mchuzi. Mimi nahukumu satay hapo. Nyama peke yake iwe na utamu mdogo, harufu ya mchaichai na bizari, chumvi ya kutosha, na maji yake bado yamo. Ukiona bila mchuzi haiendi, basi mchuzi umewekwa kuficha aibu. Mishkaki yetu tunailaza na papai bichi, tangawizi na kitunguu saumu, ukali unatoka kwenye pilipili na ndimu. Satay inaenda njia nyingine: sukari inaingia kwenye viungo tangu mwanzo, pamoja na manjano, giligilani, bizari nyembamba na lengkuas, mzizi wa ukoo wa tangawizi wenye harufu kali zaidi. Kwa hiyo ukionja utamu usishtuke, ndivyo ilivyo. Kilichokukera wewe ni utamu usio na mwenzake.

Mchuzi mzuri una karanga zilizokaangwa zikatwangwa, na bado unazihisi zikikwaruza ulimi. Ukiwa laini kama siagi ya karanga ya kopo, umetoka kopo. Ndani yake kuna pilipili kavu, vitunguu, mchaichai, ukwaju wa kukata utamu, na sukari ya mnazi wanayoiita gula melaka, ambayo kwa ladha iko karibu na sukari guru yetu lakini ina moshi kidogo. Tazama juu ya bakuli. Kama viungo vimekaangwa kwa subira, utaona mafuta mekundu yameelea. Wao wana msemo wao, pecah minyak, yaani mafuta yamepasuka, na mama zetu wanaopika mchuzi wa pwani wanajua hasa maana yake bila kuambiwa. Mchuzi usio na mafuta juu umepikwa kwa haraka. Ukikuta pia rojo la nanasi limemwagwa katikati ya bakuli, hapo simama kwanza, maana tunaingia kwenye swali lako la halali.

Satay ilianzia Java, na watafiti wengi wanaihusisha na wafanyabiashara Waislamu wa Kiarabu na Kihindi waliofika visiwani na kababu zao. (Ndugu zetu wa Oman nao wana mishkak yao ya barabarani jioni, na sosi ya ukwaju. Mkutano wa ukoo ule ungekuwa na watu wengi.) Lakini Singapore Wachina kutoka Hainan nao waliichukua wakaifanya yao, na yao ni pamoja na nguruwe. Rojo la nanasi ni alama yao. Kibanda cha namna hiyo kinaweza kukuuzia kuku, ila ni jiko lilelile na brashi ileile. Kwa hiyo usiulize tu "mna kuku?"

Angalia cheti cha halali cha MUIS, ambalo ndilo Baraza la Dini ya Kiislamu la Singapore. Vipo vibanda vya Waislamu visivyo na cheti, mwenyewe ameandika tu kwamba ni Mwislamu. Hapo ni juu yako, mimi nilikuwa nakula. Jifunze maneno matano: ayam ni kuku, lembu ni ng'ombe, kambing ni mbuzi au kondoo, babat ni utumbo, babi ni nguruwe. Hayo mawili ya mwisho yarudie kitandani kabla hujalala. Babat ikichomwa vizuri ni tamu kuliko kuku, nami nakushauri uijaribu, lakini itamke mpaka mwisho, t isikike. Hata sehemu za kurudishia sinia kwenye viwanja vyao zimegawanywa, upande wa halali na upande usio wa halali. Fuata maandishi.

Viwanja hivyo ndivyo utakakokula, na viko zaidi ya 110 nchi nzima: paa, feni, meza zisizohamishika, vibanda pande zote. Serikali iliwakusanya humo wachuuzi wa barabarani, wengi wao miaka ya 1970 na 1980, ili wapate maji ya bomba na mifereji. Mwaka 2020 UNESCO iliuingiza utamaduni huo kwenye orodha yake ya urithi usioshikika. Wazee wa satay watakusimulia kuhusu Satay Club, vibanda vilivyokuwa kando ya maji pale Esplanade tangu 1970 mpaka vilipobomolewa 1995. Zamani zile ulikuwa unakaa, unakula, na mwisho mwenyewe anahesabu vijiti vitupu vilivyo mbele yako ndipo anakutajia deni. Waliokuwa wakiangusha vijiti chini ya meza wapo, nadhani hata ukoo wako una mmoja wa aina hiyo.

Ukiwa na jioni chache, ningezigawa hivi. Jioni ya kwanza nenda Lau Pa Sat, kwa sababu iko katikati ya mji na ni rahisi kufika. Jengo lenyewe la chuma, la pembe nane, ni la mwaka 1894, na jina maana yake ni soko kuukuu. Hilo "pa sat" ni pasar ya Kimalay, ambayo ni bazaar ileile ya Kiajemi, hata sisi tunayo. Ikifika jioni mtaa wa Boon Tat ulio ubavuni unafungwa magari, meza zinapangwa barabarani, moshi unapanda katikati ya maghorofa ya benki. Watalii ni wengi, wapiga debe hawakosekani, na bia inauzwa kila kona. Usimfuate anayekuita. Tembea mpaka mwisho wa mtaa na urudi, ukitazama majiko kama nilivyokueleza, ndipo uchague. Mvua ikinyesha hakuna kitu, kwa hiyo angalia mawingu.

Jioni ya pili, na hii ndiyo yangu, chukua teksi uende East Coast Lagoon Food Village. Iko ufukweni kabisa, unakula miguu karibu na mchanga. Kuna vibanda kadhaa vya satay, Haron wakiwa ndio wanaotajwa zaidi, na jina hilo halijawadanganya watu hata mara moja. Lakini hata pale, tazama jiko kwanza. Mbele yako usiku utaona taa za meli zimesimama foleni zikisubiri zamu kwenye mlango wa bahari, nyingine pengine unazijua kwa majina kutokana na kazi yako. Nimekula pale nikiitazama meli yangu mwenyewe imetia nanga, nikijua kesho saa kumi na moja alfajiri nakaanga mayai sitini. Nenda siku ya kazi. Wikiendi utasubiri saa nzima.

Ukipata nafasi ya tatu, Geylang Serai, mtaa wa Wamalay. Sokoni ghorofa ya juu vyakula vingi ni vya Kiislamu.

Kuagiza hakuna ugumu. Vibanda vingi havikubali chini ya vijiti kumi, na unaweza kuchanganya. Kijiti kimoja ni kama senti themanini hadi dola moja ya kwao, kwenye sehemu za watalii inapanda. Agiza kuku sita na mbuzi sita, ongeza ketupat, ambao ni wali uliopikwa na kushindiliwa ndani ya ukili uliosukwa mpaka ukashikana kama ubwabwa wa jana. Tango na kitunguu kibichi utapewa bure. Usividharau, ndivyo vinavyokata mafuta. Kuku akionyesha wekundu karibu na kijiti mrudishe, hakuna atakayekununia.

Tahadhari ya lugha. Mchomaji wa kiume mwite "abang", yaani kaka. Mimi siku ya kwanza nilimwita mzee mmoja "kaka" kwa heshima zangu zote za Tanga, foleni nzima ikaangua kicheko. Kwao "kakak" ni dada mkubwa! Mwanamke mtu mzima ni "makcik", mwanamume mtu mzima "pakcik".

Na tishu. Ukikuta pakiti ya tishu imekaa peke yake juu ya meza, meza hiyo ina mwenyewe, ameenda kuagiza. Wanaita "chope". Nilidhani takataka, nikaisukuma pembeni nikakaa. Sahani ilipofika nikawa nimezungukwa na familia ya watu sita wamesimama kimya, wananitazama kwa upole, jambo ambalo ni baya kuliko kutukanwa. Nunua pakiti yako, itafanya kazi mbili. Ukimaliza kula rudisha sinia mwenyewe. Tangu Septemba 2021 kuacha meza chafu ni kosa la kisheria.

Wikiendi yako ya Malaysia usiimalizie yote kwenye maduka ya Kuala Lumpur. Ukiwa huko panda treni ya MRT mpaka kituo cha Stadium Kajang, shuka, tembea kidogo. Kajang ni mji ambao Wamalaysia wenyewe wakisema satay ndio wanaoutaja, kazi iliyoanzishwa na wahamiaji wa Kijava mwanzoni mwa karne ya 20. Vipande vyao ni vikubwa kuliko vya Singapore, vinakaribia mishkaki, na mchuzi wa karanga unakuja na pilipili ya kukaanga pembeni ili ukali uupange mwenyewe. Kwa ulimi wa Dar nadhani utapenda Kajang kuliko Singapore nzima. Haji Samuri ndio wakubwa pale, wana meza nyingi na huduma ya haraka, na wana hata sungura. Ila vuka barabara vilevile, zunguka, nusa. Mji mzima unachoma.

Basi lako likipita Melaka watakusifia satay celup, ambapo vijiti vibichi unavichemsha mwenyewe kwenye chungu cha mchuzi wa karanga kilicho katikati ya meza. Nimeijaribu. Ni mchezo mzuri kwa kundi la marafiki, lakini nyama isiyoonja moto kwangu mimi ni supu.

Karanga ziko Kariakoo, ukwaju upo, mchaichai unaota nyuma ya nyumba, na chelewa mnazi wowote utakupa. Kinachokosekana ni gula melaka halisi, ile inayouzwa kwa vipande vya mviringo kama gogo dogo, kahawia iliyokolea, ukibonyeza inamomonyoka. Chukua viwili, kimoja chako na kimoja changu. Usiweke kwenye mkoba wa mkononi karibu na nguo nyeupe.